Mvinyo Uliolala Chumba cha Maua

Nyinyi wa zamu ya jioni mmenisumbua muda mrefu niandike, na mimi nimekuwa nikiwapa tarehe kama fundi cherehani. Sasa sina kisingizio. Kazi nimeshaikabidhi, mabegi yamefungwa, tiketi ya kurudi Kilimanjaro imo ndani ya pasipoti, na chumba changu hapa Muaither, pembeni mwa Doha, kimebaki na kitanda, birika na redio aliyoniachia Wafula alipotangulia kurudi kwao Bungoma. Habari za vyeo msizitafute humu. Mimi cheo changu kikubwa kilikuwa kujua funguo za stoo ziko wapi. Mishahara nayo tuiache, ilikuja ikapitiliza nyumbani. Nitaandika habari za mvinyo wa Kihispania, ule ambao hakuna aliyeuulizia, kwa sababu ndiyo kazi niliyoipenda.

Nilifika Doha mwaka 2005, mtu mzima mwenye mke na watoto, nikitokea baa ya hoteli moja Arusha. Siku ya kwanza nilitegemea kupewa kaunta. Nikapewa kitambaa cheupe na meza ndefu imejaa glasi. Kazi yako hii, nikaambiwa, futa. Nikafuta mpaka vidole vikakunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni. Kufuta glasi kuna elimu yake na bado naona wengine mnaidharau: unaishikia mguuni, unaipitisha kwenye mvuke wa maji ya moto, halafu unaizungusha glasi ndani ya kitambaa, si kitambaa juu ya glasi. Ukiishika tumboni umeacha alama ya dole, na mgeni wa mezani anaweza asimwone mhudumu jioni nzima, lakini dole ataliona.

Aliyekuwa msimamizi wa mvinyo mgahawani kwetu alikuwa Mhispania mmoja, Remedios, mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito na hatua za haraka, kiasi kwamba ulisikia viatu vyake kabla hujamwona. Sisi tulimwita Madamu Reme. Alinikuta nafuta glasi, akaichukua moja, akaiangalia kwenye taa, akairudisha bila neno. Kwake hiyo ilikuwa sifa. Kesho yake akanimiminia kidogo, akaniwekea chini ya pua.

"Unasikia harufu gani?"

"Ya waini, madamu."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilijiona nimejibu sawa kabisa. Akanifungulia kitabu cha mafunzo, humo wameandika harufu za matunda ya kwao, cheri na mengine yenye majina kama ya dawa.

"Cheri unaijua?"

"Nimeiona juu ya keki."

"Basi tuiache kwenye keki. Kwenu mnakula nini kinachopaka ulimi rangi?"

"Zambarau."

"Hiyo ndiyo utakayoniambia mimi. Ukisikia zambarau, sema zambarau."

Siku hiyo alinifungulia mlango. Kuanzia hapo nikawa na kamusi yangu kichwani: zambarau, ukwaju, ubuyu, ndizi iliyoiva kupita kiasi, udongo wa shambani mvua inapoanza, moshi wa kuni kwenye sweta la bibi. Jumanne mchana, mgahawa ukiwa mtupu, tuliketi naye kwenye meza ya pembeni, tunaonja na kutema ndooni. Wafula, aliyekuwa mlinzi wa lango la nyuma na tuliyekaa chumba kimoja hapa Muaither, aliwahi kuchungulia akanikuta nikitema. Chumbani ilikuwa kesi.

"Buda, unalipwa kuonja na bado unatema? Hapo umenimaliza kabisa."

Wageni wetu wakati huo, wengi wao wahandisi wa gesi na watu wa mabenki, walijua jina moja tu la mvinyo wa Kihispania. Wakishalitaja, basi, wamemaliza Hispania yote. Reme jambo hilo lilimkera sana. "Nchi nzima hiyo," alikuwa akiniambia, "na wao wanaingilia mlango mmoja, wanatokea huohuo." Kwa hiyo akanizungusha milango mingine. Akanionjesha mvinyo mweupe wa Wabaski wa kaskazini, mwembamba, mkali kidogo, unaomiminwa kutoka juu ili utoe mapovu. Mara ya kwanza nilimimina nusu mezani na nusu kwenye kiatu cha Reme. Akanionjesha mvinyo wa mji wa Sanlúcar, mkavu mpaka midomo inakunjamana, una harufu ya upepo wa pwani na lozi mbichi. Akanionyesha picha za kisiwa cha Lanzarote, ambako ardhi yote ni majivu meusi ya volkano, na watu wanachimba shimo, wanapanda mzabibu mmoja shimoni, kisha wanaujengea ukuta wa mawe nusu duara usipigwe na upepo. Mzabibu mmoja, ukuta mmoja. Mimi ni mtu wa mlimani, nimekulia kwenye mifereji ambayo babu zetu waliichimba kwa mikono, na nikawapenda watu wale bila kuwaona. Niliwaza, hawa nao vichwa vigumu.

Wa mwisho kunionjesha ulikuwa wa kwao. Unaitwa Bobal, ndilo jina la zabibu yenyewe, inalimwa kwenye uwanda wa juu nyuma ya Valencia. Mvinyo mweusi, mzito, zambarau tupu na ukwaju kwa nyuma. Reme akanieleza kwamba kwa miaka mingi Bobal ilipakiwa kwenye malori ya matanki, ikapelekwa mbali kuchanganywa na mvinyo wa watu wengine ili uwe na rangi, na kwenye chupa likaandikwa jina la huko. Nilipomsimulia Wafula, alifikiri kidogo akasema, "Hiyo waini iko na iqama ya hapa." Tukacheka sana, maana kibali chetu cha kuishi huku nacho kinabeba jina la mwajiri.

Sasa nisikilizeni vizuri. Baba yake Reme, mzee Eusebio, alikuwa na shamba la mizabibu ya Bobal iliyopandwa na babu yake. Mizabibu mizee inazaa kidogo. Kaka zake Reme walikuwa wamechoka nayo. Walitaka kuing'oa yote kwa trekta wapande lozi, ambazo zina soko. Mzee alikataa, lakini miguu ilikuwa imeanza kumsaliti, na asiyeweza kwenda shambani neno lake linapungua uzito. Mwisho wakakubaliana hivi: mzee akipata mnunuzi mmoja wa maana, mnunuzi atakayerudi tena, mizabibu itabaki. Asipompata mpaka mwaka uishe, trekta litaingia Januari.

Reme akajitwisha kutafuta mnunuzi, na mnunuzi pekee aliyemjua ni hoteli yetu. Alimbembeleza meneja wa vyakula na vinywaji, Mskoti mrefu ambaye hakuwahi kusema ndiyo kwa mdomo, alikuwa anasema "tutaona" halafu unamwona anatia saini. Mzigo mmoja, akasema meneja. Ukiisha kabla ya mwaka mpya tutaagiza tena. Usipoisha, orodha ya Kihispania inarudi kwenye majina yanayouzika. Reme alitoka ofisini akanieleza yote. Nilimpa maji, akayashika tu bila kunywa.

Hiyo ilikuwa mwaka 2010. Mnajua mizigo ya namna hii huku haiingii kiholela. Ina vibali vyake na ghala lake. Tuliutegemea uingie mwezi wa tano. Ukaingia Agosti, siku chache kabla ya Ramadhani, wakati ambapo hoteli zote zinafunga vinywaji hivyo mwezi mzima. Kwa hiyo maboksi ya mzee Eusebio yakaenda moja kwa moja stoo ya chini kulala. Reme akachukua likizo akaenda kwao, kwa sababu hakuna kazi ya mvinyo Ramadhani, akanikabidhi funguo. Aliniambia neno moja: "Venansi, yatunze."

Wiki ya pili kiyoyozi cha stoo kikafa. Wale mafundi walikifungua, wakakitazama, wakasema kifaa kinatoka nje ya nchi, subirini. Agosti ya Doha haisubiri mtu. Ukuta wa ile stoo ulikuwa umepakana na uwanja wa kupokelea mizigo, na kufika mchana ukiuwekea kiganja ulikuwa wa moto kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Mvinyo ukipata joto namna ile, kizibo kinasukumwa juu, na ndani unabaki na kitu chenye ladha ya jemu iliyoungua. Niliwahi kuonja mvinyo ulioungua. Nilijua kabisa ninachoogopa, na niliogopa kwelikweli. Nilikaa kwenye ngazi za stoo nikamwona yule mzee nisiyemjua akilisikiliza trekta kutoka kitandani.

Chumba cha baridi cha jikoni hakikuwezekana. Mpishi mkuu alinikatalia, na alikuwa na haki. Lile jiko lilikuwa likiandaa futari, na vitu hivyo haviwekwi pamoja na chakula cha waliofunga. Kilibaki chumba kimoja tu chenye baridi katika jengo lile, na chenyewe kilikuwa cha maua.

Aliyesimamia maua alikuwa Bi Zuwena, Mzanzibari wa mitaa ya Ng'ambo, mtu wa swala zake zote na ulimi wake mkali. Mimi aliniita Mangi, kama watu wa pwani wanavyotuita Wachaga wote, hata wasio na duka. Nilimkuta akikata mashina ya maua ya hema la futari.

"Bi Zuwena, shikamoo. Nina mzigo unaungua. Naomba unisitirie kwenye chumba chako."

"Marahaba. Mzigo gani?"

Nikamwokotea mashina yaliyoanguka. Aliendelea kukata.

"Wa ile kazi yenu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mangi, mie n'mefunga, na weye waniletea hayo."

Nikamweleza habari ya yule mzee, mizabibu, kaka zake Reme, trekta. Sikupamba kitu. Akaweka mkasi chini.

"Sikiliza. Mie siugusi, siubebi, wala sitaki kuuona. Chumba cha hoteli, si changu mie. Kuna pazia kule nyuma. Lakini maua yangu yakipata harufu yoyote mbele ya watu wanaofuturu, utan'tambua."

Tukasubiri saa ambayo waliofunga wameenda kupumzika. Maboksi tuliyafunika vitambaa vya meza, asiyetaka kuyaona asiyaone. Wafula aliacha lango kwa mwenzake akaja kunisaidia, huku akilalamika njia nzima.

"Mimi niliandikwa kuzuia vitu visitoke. Hivi vinahama tu ndani. Sasa niandike nini kwa ripoti?"

"Usiandike."

"Na mgongo wangu je, nao nisiandike?"

Bobal ikalala nyuma ya pazia, kati ya ndoo za maua meupe, mpaka kiyoyozi kilipopona. Kila siku nilimpelekea Bi Zuwena maji ya ndoo zake kabla hajaniagiza. Baada ya Idi nikamuuliza kwa nini alikubali. Akanijibu akinitazama usoni, "Hiyo waini yenu sikuisaidia hata kidogo. N'likuona ulivyokuwa." Nikaenda kuteka maji mengine.

Reme aliporudi tulifungua chupa moja pamoja. Aliinusa, akainusa tena, akafumba macho. Ilikuwa nzima. Lakini mvinyo mzima usioagizwa na mtu hauna tofauti na ulioungua. Oktoba ikapita. Wageni walisoma jina Bobal kwenye orodha, macho yakateleza kama yanavyoteleza kwenye masharti ya benki, wakaagiza lile jina lao la siku zote. Reme alianza kukonda. Baba yake alikuwa akimpigia simu Jumapili, na alikuwa hamuulizi kabisa habari za mvinyo. Hilo ndilo lilimuumiza zaidi.

Jioni moja ya Novemba nikapewa meza ya Waholanzi, wahandisi. Mkubwa wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, akaweka kidole kwenye orodha. "Hiki ni nini?" Nikamweleza, zambarau, ukwaju, uwanda wa juu. Akasema sawa, tuone. Nikafungua. Sasa mnajua utaratibu: unammiminia mgeni kidogo, anaonja yeye, anakubali. Mimi siku hiyo nilikuwa na hofu kubwa kifuani, na mtu akiwa na hofu mikono yake inarudi nyumbani. Nikajimiminia mimi tone, nikaonja, nikameza, mbele yao wote. Ndipo nikamjazia yeye.

Wote wakanigeukia. Kwa hoteli yetu, mhudumu kunywa mbele ya mgeni ilikuwa kufukuzwa bila mjadala.

"Mbona umekunywa wewe kwanza?" akauliza yule mzee. Hakuonekana kukasirika. Alitaka tu kujua.

Nikamwambia ukweli, sikuwa na kingine. Kwetu Uchagani, mwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, akikukaribisha anaanza kunywa yeye kwenye kata, kisha anakupa. Mgeni aone kwamba anachopewa hakina ubaya, na aliyemkaribisha yuko tayari kukinywa. Kumpa mgeni kitu usichokionja ni kumtukana.

Mzee akaitazama glasi yake, akanywa. Akatikisa kichwa taratibu. "Miaka yote hii," akawaambia wenzake, "watu wananiuzia mvinyo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yeye mwenyewe angeunywa." Wakanywa chupa ile, wakaitisha nyingine, na meza ya jirani nayo ikauliza wale wanakunywa nini.

Meneja aliniita kesho yake. Nilivaa shati langu zuri, kama mtu anayekwenda kuagwa. Reme aliingia nami bila kuitwa. Akamweleza kwamba zamani huko Ulaya wahudumu wa mvinyo walivaa kikombe kidogo cha fedha shingoni, wakaonja kabla ya bwana wa meza, na kwamba Venansi hakuvunja desturi, ameikumbusha. Sauti yake ilijaza ofisi. 

"Tone tu," akasema meneja. "Kwenye meza ya pembeni. Na huo mvinyo mmoja peke yake, sitaki kuona baa yangu yote imelewa." Halafu akaongeza, "Tutaona."

Tukaona. Wageni walianza kuja wakiomba mvinyo ambao mhudumu anaanza kunywa. Jina hawakulikumbuka, lakini hilo walilikumbuka. Wiki ya Krismasi tulifungua boksi la mwisho, meneja akatia saini agizo la pili, na Reme akampigia baba yake kutoka stoo. Alizungumza Kihispania cha haraka, siwezi kukifuata, halafu akasikiliza, machozi yanatiririka bila kuyafuta. Nilimuuliza mzee amesema nini. "Amesema nimpigie kaka yangu mkubwa, asikie mwenyewe," akajibu. Trekta halikuingia.

Nyinyi mliokuja baadaye mmeikuta Bobal kwenye orodha kama vile ilizaliwa nayo. Haikuzaliwa nayo. Kila mwaka ilibidi iagizwe upya, na kila mwaka kaka zake Reme walikuwa wakisubiri mwaka tutakaosahau. Ndiyo maana nilikuwa mkorofi kila mlipoiacha nyuma ya rafu. Reme aliondoka 2014 akaenda kufundisha kwao. Mimi nikabaki na orodha yake. Alinifundisha Kihispania cha kutosha kuagiza na kulalamika.

Mzee Eusebio alifariki mwaka huu, miezi michache kabla sijakabidhi kazi. Reme alinipigia kunijulisha, tukalia wote kwenye simu, mimi nikimlilia mtu ambaye sikuwahi kumwona hata kwenye picha. Hakugusia shamba na mimi sikuthubutu kuuliza. Mzee hayupo, nikajua neno lake nalo limezikwa. Wiki kadhaa nilikuwa nikiamka na sauti ya trekta kichwani.

Halafu, siku moja mchana nikiwa stoo, simu ikaita, namba ya Hispania nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu asiyezoea simu. Akajitaja: ni kaka mkubwa wa Reme, yule wa lozi. Akaongea polepole ili nimwelewe. Akasema wamemaliza kupogoa mizabibu ya baba. Akakohoa. Akauliza Doha mwaka huu tunataka maboksi mangapi.

Nikakaa juu ya kreti. Ruhusa niliyokuwa nayo ilikuwa ya mzigo uleule wa kawaida, nanyi mnajua mimi si mtu wa kuvuka ruhusa. Nikamwambia, yote mliyonayo. Meneja nilimweleza kesho yake.